Sili kuliko zamani, mbona nanenepa tangu tununue gari?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41. Nakuandikia nikiwa na uchungu, kwa sababu kila ninayemweleza shida yangu hunikatiza kabla sijamaliza na kuniambia, "Punguza kula."

Miaka sita iliyopita nilikuwa na kilo 64. Leo nina kilo 83, na urefu wangu ni mita 1.62. Kilo hizo hazikuja kwa kishindo. Nguo ilibana, nikanunua nyingine. Hiyo nayo ikabana, nikaigawa. Nilipokuja kujitazama vizuri kwenye picha ya sherehe ya ukoo, sikuamini kwamba yule aliyekaa katikati ni mimi.

Chakula changu ni kilekile. Naapa, Mama, sahani yangu haijaongezeka. Kilichobadilika ni maisha. Zamani asubuhi nilitembea hadi kituo cha basi, na jioni nikarudi kwa miguu nimebeba mahitaji ya nyumbani. Ndani ya basi mara nyingi nilisimama. Kazini nilikuwa stoo, kutwa ni kuinama, kuinuka, kupanga na kuhesabu mizigo. Kisha Mungu akatufungulia milango. Tulinunua gari, tukahamia kwenye ghorofa lenye lifti, tukapata mashine ya kufulia. Mimi nikapandishwa cheo, sasa nina meza na kompyuta, na hata karatasi niliyokuwa nikiipeleka ghorofa ya juu naituma nikiwa nimekaa. Mahitaji ya nyumbani naagiza kwa simu, kijana anayaleta kwa pikipiki mpaka mlangoni.

Nimejaribu kujinusuru. Nilijinyima chakula cha usiku, nikapungua kidogo, kisha nikarudi palepale na nyongeza juu. Nikajiunga na jimu. Goti likaanza kuuma, nikaacha, na ada yangu ikapotea.

Kinachoniumiza zaidi ni maneno. Wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba lazima nakula usiku kwa siri, maana haiwezekani mtu ale kidogo namna hii na awe hivi. Watu wakacheka. Nilijifungia chumbani nikalia. Mume wangu hanitukani, lakini nilipomwambia nataka siku nyingine niwe natembea kwenda kazini, alikasirika: "Tumehangaika miaka yote hiyo, leo tuna gari ndiyo utembee? Watu watasema tumefilisika."

Mama yangu mzazi ana miaka 68. Anafua kwa mikono, anakwenda kila mahali kwa miguu, anakula kunishinda, na ni mwembamba. Aliponitembelea mara ya mwisho alinitazama, akasema, "Mwanangu, haya magari na mashine zenu ndivyo vinavyowanenepesha."

Ni kweli, Mama Mshauri? Au ni kisingizio cha mtu mvivu? Niuze gari? Na huyu mume nimwambieje?

Niliyechoka Kusemwa

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa aibu uliyotiwa mbele ya wageni. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nakujibu kwa urefu kwa sababu wanaoishi maisha kama yako ni wengi na wengi wao wanasemwa kama wewe.

Mama yako amesema kweli kwa sehemu kubwa. Kuna kipande hakukigusa, nitakifikia. Lakini kwanza tukae kwenye alichokisema, maana watafiti walihangaika miaka mingi kukithibitisha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alianza kuwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi ndani ya basi moja, saa zilezile. Tofauti ni kwamba dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Matokeo yalitoka mwaka 1953: madereva waliugua maradhi ya moyo kuliko makondakta, na yalipowapata yaliwapata vibaya zaidi. Mwaka 1956 Morris na wenzake wakafanya jambo ambalo nalipenda sana. Walikwenda kwenye kumbukumbu za sare za kazi, wakatazama vipimo vya viuno vya suruali. Suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta. Niseme pia, kwa haki, kwamba baadaye ilibainika tofauti nyingine zilikuwapo tangu watu wanaajiriwa, kwa hiyo si kiti peke yake kilicholaumiwa. Lakini tangu hapo hakuna daktari makini anayeweza kusema kwamba kukaa kutwa hakuna neno.

Sasa tuje kwenye gari lako. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilokalori 8,000. Mtu mzima anahitaji kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Kwa maneno mengine, lita moja unayomimina kwenye tangi ina nguvu ya chakula cha mtu mmoja cha siku tatu au nne. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kilokalori zipatazo 7,700, yaani inakaribiana kabisa na lita hiyo. Zamani safari ya kituoni, mizigo ya jioni na kazi ya stoo ziliendeshwa na chakula ulichokula. Siku hizi zinaendeshwa na petroli na umeme, na chakula chako, ambacho unasema ni kilekile, kimekosa kazi ya kufanya. Mwili haukitupi. Unakiweka akiba.

Tupige hesabu ya juujuu. Umeongezeka kilo 19 kwa miaka sita. Zidisha kwa 7,700, gawanya kwa siku za miaka hiyo, utapata chini kidogo ya kilokalori 70 kwa siku. Kiasi hicho mtu wa uzito uliokuwa nao hukimaliza kwa kutembea dakika 15 hadi 20. Hesabu halisi ni ngumu kuliko hii, kwa sababu mwili ukiwa mzito hutumia nishati zaidi, hivyo ili uendelee kunenepa pengo lazima nalo liongezeke mwaka hadi mwaka. Hata hivyo unaona jinsi lilivyoanza dogo. Ndiyo maana hukuuona mwezi ulioharibikiwa. Mtu hawezi kuhisi pengo la namna hiyo tumboni wala machoni, na sahani yako isingeweza kukuonyesha.

Mwaka 2003 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walijaribu kupima jambo hili waziwazi. Waliwapa watu kazi zilezile kwa njia mbili: kufua na kuosha vyombo kwa mikono au kwa mashine, kupanda ngazi au lifti, kwenda kazini kwa miguu au kwa gari. Wakajumlisha tofauti: kama kilokalori 111 kwa siku. Tazama tena orodha hiyo, kisha soma barua yako. Ni kama walikuwa wameingia nyumbani kwako.

Utaniuliza, mbona mwili haukupunguza njaa baada ya kazi kupungua? Swali zuri. Mwaka 1956 mtafiti Jean Mayer na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi wa kiwanda cha juti huko Bengal, India. Waliofanya kazi za sulubu walikula zaidi ya waliofanya kazi nyepesi, kama unavyotarajia. Lakini wale waliokaa kabisa, makarani na wauza maduka, hawakula kidogo kuliko wote. Walikula kama wabeba mizigo, na walikuwa wazito zaidi. Mtu akijongea, njaa yake hufuata kazi yake. Akikaa mno, uhusiano huo hulegea. Kwa hiyo mwanangu, uliposema "chakula changu ni kilekile" ulisema kweli, na ndani ya ukweli huo ndimo tatizo lilimo.

Kuhusu wifi yako. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic hiyohiyo waliwachukua watu 16, wakawalisha kilokalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane, chini ya uangalizi. Hapakuwa na kula kwa siri. Kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo, na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo nne. Kilichowatenganisha zaidi ni mijongeo midogo ya mchana kutwa: kusimama, kuzungukazunguka, kutotulia kitini. Jimu haikuhusika. Basi kama watu 16 wanaweza kula ziada ileile na miili ikaenda njia tofauti kiasi hicho, wifi hana namna ya kujua kilichomo sahanini mwako kwa kukutazama kiuno. Akirudia maneno yale, mwambie kwa upole na mbele ya watu: "Wifi, mwili wangu naongea na daktari wangu. Leo tuongee habari nyingine." Usijieleze zaidi ya hapo. Mtu hadaiwi hesabu ya milo yake mbele ya wageni.

Mvivu? Hapana. Nataka nikae hapa kidogo, maana neno hili linawaua watu wengi moyo. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Kuba ilikosa ghafla mafuta iliyokuwa ikiletewa. Mabasi yalisimama, matrekta yakasimama, serikali ikaagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Watu wakatembea na kuendesha baiskeli, na chakula nacho kikapungua. Katika miaka michache watu wazima walipungua uzito kwa wastani wa kama kilo tano, na vifo vya kisukari na vya moyo vikashuka. Uchumi ulipoanza kupata nafuu katikati ya miaka ya 1990, kilo zikarudi, na kisukari kikafuata. Je, Wakuba walikuwa wavivu, wakawa na bidii kwa miaka mitano, kisha wakawa wavivu tena? Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni usafiri na chakula.

Tafadhali usinisome vibaya. Uhaba ule ulikuwa mateso. Zaidi ya watu 50,000 walipata ugonjwa wa macho na neva uliohusishwa na lishe duni. Sitamani dhiki ya namna ile impate yeyote, na kwa sababu hiyohiyo naikataa ile njia yako ya kujinyima chakula cha usiku mpaka mwili ukalipiza.

Kwingine ambako watu wanaishi bila injini kwa hiari kuna picha nzuri zaidi. Waamish wa Ontario, Kanada, wale wanaoshika desturi za zamani, hawaendeshi magari na wanalima kwa farasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafunga kifaa cha kuhesabu hatua. Wanaume walipiga wastani wa zaidi ya hatua 18,000 kwa siku, na wanawake zaidi ya 14,000. Chakula chao ni kizito, na sukari na mafuta hawayakwepi. Waliokuwa na unene uliopitiliza walikuwa asilimia 4 tu. Naye mtu wa mjini ana picha yake: huko Atlanta, Marekani, uchunguzi wa watu zaidi ya 10,000 uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kwamba kila saa moja zaidi kwa siku ndani ya gari iliambatana na ongezeko la asilimia 6 la uwezekano wa kuwa na unene uliopitiliza.

Sasa kile kipande ambacho mama yako hakukigusa. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania wanaishi kwa kuwinda na kuchuma, wanatembea kila siku, na ni wembamba. Watafiti walipopima nishati wanayotumia kwa siku nzima, wakachapisha mwaka 2012, walishangaa: ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Maana yake kwako ni kwamba kutembea peke yake hakutayeyusha kilo 19. Nisingekuambia hivi ungetembea miezi mitatu, mizani isingesogea sana, ungekata tamaa.

Chakula nacho kimepitia kwenye injini. Kinachotengenezwa kiwandani, kikalainishwa, kikatiwa sukari, chumvi na mafuta, kikafungwa na kusafirishwa, hakimdai mlaji hata kutafuna sana. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo chao. Wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya asili, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula vya asili walipungua kiasi hichohicho. Nakuuliza bila kukutuhumu: yale mahitaji unayoletewa mlangoni kwa pikipiki ni yaleyale uliyokuwa ukiyabeba mkononi? Mtu anayebeba hachukui soda chupa kubwa tatu, maana zitamkata mkono. Anayebonyeza simu hahisi uzito wowote. Na pale mezani kazini unakunywa nini, unatafuna nini? Inawezekana kabisa sahani yako haijaongezeka na bado chupa na pakiti zimeingia pembeni yake. Andika kwa wiki moja kila kinachopita mdomoni, vinywaji pia, bila kumwonyesha mtu. Vinywaji vyenye sukari ndivyo ningeviondoa kwanza. Katika chakula cha nyumbani usijinyime mlo wowote kwa sasa.

Gari usiuze. Nyinyi mna watoto, kuna usiku wa homa, kuna mvua, kuna wazee wa kupeleka hospitali. Na mashine ya kufulia iache ifanye kazi yake. Hapa sikubaliani kabisa na wanaotaka wanawake warudi kwenye karai. Kufua nguo za watu watano kwa mikono kumewamaliza migongo mama zetu, na kumewaibia wasichana wengi muda wa kusoma. Mwili kujongea ni jambo jema, na bado kazi ngumu isiyo na mshirika si dawa. Ukitaka kurudisha kazi nyumbani, irudishwe kwa wote, mume na watoto wakiwemo.

Ninachotaka urudishe ni safari. Ndiyo kazi kubwa uliyokabidhi petroli, na ndiyo rahisi kuipunguzia gari bila kulifukuza. Asubuhi mume wako akushushe kabla hujafika, mahali ambapo utabakiwa na mwendo wa robo saa hadi dakika 20. Kama unaendesha mwenyewe, egesha umbali huohuo. Jioni iwe vivyo hivyo. Siku tano za kazi zitakupa dakika 150 hadi 200 kwa wiki, na Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, ule unaokufanya uhemeke kidogo lakini bado unaweza kuongea. Umefika bila kulipa ada ya jimu. Anza na upande mmoja wa safari kama goti linalalamika, uongeze taratibu. Viatu vya ofisini vibebe kwenye mkoba. Tembea na raba.

Ngazi: panda kwa miguu, shuka kwa lifti. Watu hufanya kinyume, kumbe kushuka ndiko kunakolibana goti zaidi. Ghorofa moja au mbili zinatosha mwanzoni, kisha ingia kwenye lifti umalizie. Kazini simama kila simu inapoita, na ile karatasi ya ghorofa ya juu, inapowezekana, ipeleke mwenyewe. Ndiyo, barua pepe ni ya haraka zaidi. Lakini utakuta mazungumzo mafupi uso kwa uso humaliza kazi ambayo barua pepe sita hazijaimaliza.

Neno la tahadhari. Kama barabara yenu haina njia ya waenda kwa miguu, usijitose katikati ya magari kwa sababu ya ushauri wangu. Tafuta njia ya ndani, au tembea kwenye uwanja watoto wakiwa wanacheza. Halafu, wewe na majirani, pelekeni malalamiko kwa viongozi wenu. Barabara nyingi zimejengwa kana kwamba kila mtu ana gurudumu, na mtu anaambiwa atembee pale ambapo mtembeaji hakuandaliwa hata shubiri moja. Hilo si kosa la mwili wako.

Mume wako namwelewa. Kwa mtu aliyehangaika, gari ni ushahidi kwamba jasho lake halikupotea, na ukimwambia unataka kutembea anasikia unaudharau ushahidi huo. Usimwendee na habari za kuliacha gari. Mwambie hivi, mkiwa mmetulia, watoto wamelala: "Mume wangu, gari hili ni baraka na nakushukuru. Lakini mwili wangu umeanza kuelemewa na sitaki tuje kulitumia kunipeleka hospitali kila wiki. Naomba unishushe mbele kidogo ya kazini, na jioni moja moja tutembee wote wawili." Kisha chukua futi kamba, mpime kiuno naye akupime wako. Kwa wanaume hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 94, na huwa kubwa kikizidi 102. Kwa wanawake ni 80 na 88. Anayeendesha gari ni yeye pia, anapanda lifti ileile, na sitashangaa kipimo kikimfanya anyamaze kidogo. Watoto nao mnawapeleka shule kwa gari? Kama shule ipo karibu na njia ni salama, waingizeni kwenye mpango huu, maana wao hawajawahi kuyajua maisha mengine.

Mwisho ni daktari, na kwa kweli kwako ndiye wa kwanza. Uwiano wa uzito na urefu wako (BMI, yaani kilo zako ukizigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ni karibu 31.6, na kuanzia 30 madaktari wanahesabu kuwa ni unene uliopitiliza, hali inayohitaji kushughulikiwa kitabibu. Ukiambiwa tena "punguza kula" na kurudishwa nyumbani, omba vipimo kwa majina yake: shinikizo la damu, sukari, mafuta kwenye damu na tezi ya shingo. Mweleze dawa zote unazotumia, kwa sababu zipo zinazoongeza uzito, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona na zile za jamii ya steroidi. Mwonyeshe goti kabla hujaongeza mwendo. Mweleze pia usingizi wako, na kama unakoroma mno mumeo atasema. Zipo dawa na tiba za unene siku hizi ambazo daktari anaweza kuzijadili nawe, na kuzitumia si aibu.

Mizani usiipande kila asubuhi. Pima kiuno mara moja kwa mwezi. Katika miezi mitatu ya kwanza tazama kama unapanda ngazi bila kuhema, kama usingizi umetulia, kama shinikizo na sukari vimeshuka. Hivyo hutangulia, kilo hufuata polepole, na kwa wengine hufuata chache. Vipimo vikitoka niandikie, hasa cha sukari. Kikiwa juu, niliyokuambia kuhusu chakula hayatatosha, na itabidi daktari akupangie mlo.